Adolphine wa Makomeno na Jeshi la Sigara Kumi na Mbili

Njooni, wenye masikio, vuteni viti, sufuria ya maharagi ingoje kidogo. Maana leo yasimuliwa habari ya Adolphine, Simba Jike wa Makomeno, Mshika Sindano, aliyelishinda jeshi la sigara kumi na mbili pasipo kumwaga damu, ila ya kidole gumba.

Jeshi hilo lilimteka kila siku mume wake, Floribert, Nguzo ya Reli, mstaafu. Ndipo binti yao Brigitte akatoa amri: "Baba, mwenye kupita sigara mbili kwa siku, siku ya batizo hatapakata mutoto wangu."

Na mtoto yule alipewa jina la Chanda, marehemu mama yake Floribert. Hivyo mzee alimwita mama.

"Mama yangu mwenyewe," akaomboleza, "nibaki namuangalia kwa mbali sawa treni ya Likasi?"

Adolphine akashika sindano. Kila asubuhi, mzee akiwa anaoga, alikaa jikoni, akachomoa tumbako kwa sindano, akajaza mahali pake matembele makavu yaliyosagwa laini. Wiki ya kwanza robo. Adui akajibu mapigo: mzee akavuta kumi na tano! Shujaa wetu hakuweka sindano chini. Wiki ya tatu nusu. Wiki ya sita, ee mbingu, tumbako ilibaki kama chumvi ndani ya mboga.

"Mama Brigitte, tumbako ya siku hizi haina nguvu."

"Hata sisi, Baba Brigitte, tuko na nguvu gani?"

Zikawa nane, zikawa tano, zikawa mbili. Ila mbuzi wa jirani Mutale aliupenda moshi ule, na siku ya batizo akamfuata mzee mpaka mlangoni pa kanisa.

Pale Brigitte akanusa koti. "Baba! Uko unanuka matembele?"

Adolphine akaangalia viatu vyake. Mzee akamwinamia sikioni: "Mbuzi alijua wiki ya tatu. Mimi, ya pili. Ningesema, ungeacha."

Akatoa sigara ya mwisho mfukoni, akampa mbuzi, naye akaila pamoja na karatasi. Kisha mzee akamnyooshea mtoto mikono. "Mama, nimefika."

Na iandikwe, wajukuu wasome: siku ile, kabla padri hajagusa maji, Chanda mdogo alimbatiza mwanawe kwa maji yake mwenyewe, suti yote, na Nguzo ya Reli hakukubali kumrudisha kwa mtu.