Jinsi Nilivyoifukarisha Nyumba ya Bibi

Jumatatu, 14 Julai

Naandika ili vizazi vijue: kuanzia Horohoro mpaka Mkwaja hakuna kijana mwenye akili kunizidi mimi, Luqmani wa Makorora. Huko mbele ya Mkwaja sijafika, lakini na wao nawatilia shaka. Shule niliiacha kidato cha pili kwa huruma tu. Walimu walikuwa wanaaibika.

Leo asubuhi limepita gari la matangazo. Spika inakoroma lakini nimeelewa. Serikali inasajili upya kaya zenye watoto, hasa zile ambazo mlezi anahangaika na mtoto mwenye ulemavu. Jumatano afisa atapita nyumba kwa nyumba. Jumamosi mkutano wa mtaa: jina linasomwa, watu wenyewe wanasema anastahili au hastahili. Ukipita, unapata ruzuku.

Nikaruka. Hao si sisi hao! Bibi Mwatum, mama yake baba yangu, Mpemba halisi, analea mjukuu wake Thuwaiba, mtoto wa shangazi yangu. Shangazi anapika kwenye kambi ya watalii Mkwaja, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo. Thuwaiba ana miaka saba na miguu yake haina nguvu. Kila Jumanne na Ijumaa Bibi anamfunga mbeleko, mtoto mkubwa vile, anatembea naye mpaka hospitali kwenye mazoezi ya viungo. Mtaalamu kasema wakikatiza, magoti yatakaza. Na mgongo wa Bibi umeshaanza kupinda kama ndoana. Ruzuku ikipatikana, bajaji itamfuata mtoto mlangoni.

(Mtu atauliza: kwa nini usimbebe wewe, Luqmani? Jibu, na Thuwaiba nimeshamwambia: mabega yangu ni ya biashara.)

Tatizo nimeliona mimi peke yangu. Ndani tuna televisheni, feni, kabati la vyombo. Afisa akiona hayo, atatuita matajiri. Basi nyumba lazima ifukarishwe! Nimeongea na jirani yangu Zebedayo, anayekaanga chipsi pale kona. Ana kichwa kikubwa, ndani upepo. Ananiita Profesa kwa kejeli, nami naitika kwa sababu ni kweli. Amekubali kuficha vitu vyetu chumbani kwake, sharti atazame mpira kwenye TV yetu mpaka Jumamosi. Nimempunja, mjinga yule.

Jumanne, 15 Julai

Bibi na Thuwaiba walipokata kona tu, nikaanza kazi. TV, feni, jiko la gesi, viti vya plastiki, kabati na vikombe vyake. Hata saa ya ukutani. Fukara anataka kujua saa ya nini? Zebedayo akapokea mlangoni kwake huku anauliza kama tunahama au tunatoroka. Pazia nikalichana kwa kisu, taratibu, lionekane limechoka lenyewe. Ukutani nikapaka masizi. Kisha nikakaa sakafuni, nikatazama.

Wallahi nililengwa na machozi. Tulikuwa tunatia huruma!

Adhuhuri Bibi karudi. Kapiga ukelele uliofika Nguvumali: wezi! Mtaa ukafurika. Huyu na mchi, yule na ufagio. Zebedayo naye akaja na bakora kuwasaka wezi, akanikonyeza. Nikamtuliza Bibi, nikamwambia vitu nimevipeleka kwa fundi. Akauliza ni fundi gani huyo anayetengeneza feni, viti na vikombe kwa pamoja. Nikasema yupo, kasomea. Akauliza na pazia je? Nikasema panya. Akaniambia panya wa nyumba hii anavaa suruali.

Ndipo nikamwambia kesho anakuja mgeni wa serikali. Bibi akasahau fundi, akasahau na panya. Akashika kichwa. Mgeni! Katika nyumba hii tupu! Akae juu ya nini, juu ya fuvu la Luqmani?

Nikamwacha alalamike. Watu wazima lazima walalamike. Nalala kama mshindi.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya maafa.

Tangu alfajiri nilikuwa kona nikimsubiri afisa. Shati limechanika, kandambili moja. Akaja dada mmoja mpole, Imakulata, mwenyeji wa Lushoto, kishikwambi kwapani. Nikamwongoza huku nachechemea. Nikamsimulia kwamba hatuna hata pa kukaa, chai tunakunywa kwa zamu kwa kikombe kimoja. Akasema pole sana kaka. Akauliza mguu umefanya nini. Nikasema njaa imeshukia huko.

Nikafungua mlango kwa majonzi.

Kwanza ilikuja harufu ya udi. Halafu nikaona kochi. Kochi la Mama Zebedayo la zambarau, bado na nailoni yake! Chini zulia la mke wa mwenyekiti. Vikombe vyenye kingo za dhahabu vya nani sijui. Vileja, halua, kahawa ya tangawizi. Thuwaiba yuko katikati ya kochi na gauni la Idi, kama bi harusi. Na ukutani, inawaka, TV. Ile TV ni yetu!

Kumbe mimi nilipotoka alfajiri, Bibi naye akatoka. Kapita mlango kwa mlango kuazima, kama anavyofanya kila mtu mtaani kwetu akijiwa na wageni. Mama Zebedayo, roho nzuri yule mama, akatoa kochi, kisha akaona chumbani kwa mwanawe kuna TV imekaa tu, akaongeza na hiyo. Bibi akashukuru sana. Akasema hata ya kwetu ilikuwa na mkwaruzo palepale.

Nikapiga kelele: dada, vyote hivi vya kuazima! Bibi akatabasamu, akamwomba mgeni amsamehe mjukuu wake, jana alishinda juani bila kofia. Imakulata akauliza kama chakula kinatosha. Bibi akasema alhamdulillahi. Mtoto anafikaje mazoezini? Twafika tu, mwanangu, hamna taabu, hebu ongeza kileja. Nikamfinya Bibi. Akanifinya zaidi.

Hivyo ndivyo alivyo. Mgeni haambiwi shida. Nyumba ingekuwa inaungua, Bibi angemwambia Imakulata asihofu, ni jiko tu, amalize kahawa yake.

Afisa akagusa kishikwambi chake, akala, akauliza vileja vinapikwaje. Akaaga. Zebedayo alikuwa dirishani anacheka mpaka kajikalia chini.

Ijumaa, 18 Julai

Mwenyekiti wa mtaa kapita. Kaya ya Bibi Mwatum imeandikwa kuwa ina uwezo. Aliongeza kwamba hata yeye kashangaa, maana zulia alilosimuliwa linafanana na la mkewe.

La pili baya zaidi. Juzi jioni wakati wa kurudisha kochi, Bibi aling'ang'ania kushika upande mmoja. Mgongo ukagoma. Leo kalala chali, anaelekeza mambo yote kwa mkono kama trafiki. Kwa hiyo hakuna mazoezi. Thuwaiba alikuwa amekaa mlangoni tangu asubuhi, viatu kavaa. Kaniuliza mabega yangu yanafunga biashara saa ngapi.

Mtoto ana mdomo huyu! Kautoa kwangu.

Ningembeba, ila nilikuwa na shughuli kubwa ya kumsaidia. Nimeandaa mpango wa mkutano wa kesho. Nimekwenda kijiweni, nimewakusanya vijana wenye mapafu. Jina likisomwa, wapige kelele: anastahili! Malipo ni chipsi za Zebedayo. Zebedayo hajui. Atajua zikiwa tumboni.

Jumamosi, 19 Julai

Mkutano ulikuwa uwanja wa ofisi ya mtaa, umefunikwa turubai. Bibi akaja kashikiliwa na Mama Zebedayo. Thuwaiba nilimbeba mimi. Watu walikuwa wanaangalia, kukataa kusingependeza.

Kosa langu moja dogo: sikuwaambia vijana ni jina lipi. Jina la kwanza kusomwa, wakanguruma anastahili! La pili, anastahili! Likasomwa la mzee mwenye malori mawili ya fuso, aliyejiandikisha kwa kujaribu bahati. Anastahiliii! Mzee mwenyewe akaona haya, akatoka kimya kimya. Mwenyekiti akawafukuza vijana wangu. Wakaenda moja kwa moja kwa Zebedayo kudai chipsi.

Likaja jina la Bibi. Mwenyekiti akasoma yaliyoonekana: kochi, zulia, vikombe vya dhahabu, televisheni. Mama Zebedayo akainuka kama kaumwa na siafu. Kochi langu hilo! Mie nimemwazima! Mke wa mwenyekiti naye akamwambia mumewe mbele ya watu: wee baba, zulia unalolikanyaga kila siku hulijui? Mwingine akadai vikombe. Mwingine chetezo cha udi. Nyumba yetu ikaanza kufukarika mbele ya macho yangu, kitu kimoja baada ya kingine, uzuri ulioje!

Ikabaki TV tu. Zebedayo, hasira za chipsi zimempanda, akasimama akasema TV ni yake.

Sasa jamani, mwanamume anavumilia vingi. Lakini Zebedayo aondoke na TV yetu mbele ya mtaa mzima? Nikaruka juu ya benchi. Mwongo mkubwa! TV ni yetu! Na feni ni yetu! Na kabati ni letu, na jiko la gesi, vyote viko kwake, nimevipeleka mwenyewe kwa mikono yangu!

 

Mwenyekiti akakohoa. Akasema basi, kwa maelezo ya mjukuu mwenyewe, hapa hakuna shida. Akashika kalamu. Nikamwona Thuwaiba ananitazama.

Imakulata, aliyekaa naye meza moja, ndiye aliyemzuia. Akasema hakuja kuhesabu feni. Akamgeukia Bibi, akampa shikamoo, akamwomba aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, hali ya mtoto ikoje.

Bibi akasimama.  Akavuta buibui, akatazama chini. Akasema sina. Nilikuwa na mgongo, nao umekwisha. Nisaidieni, magoti ya mtoto huyu yasikaze.

Mikono yote ikapanda. Nyuma kabisa Zebedayo kainua miwili.

Tumepita! Nikashangilia kuliko wote. Ndipo Imakulata akauliza kama kuna mtu mwenye nguvu katika kaya hiyo, maana mpango una kazi za mtaa pia, kuchimba mtaro wa maji ya mvua kule Nguvumali. Watu wote wakanigeukia. Bibi akanyoosha kidole. Mgongo haukumuuma hata kidogo.

Jumapili, 31 Agosti

Kimya changu kimetokana na mtaro. Mtaro wenyewe ni mzuri, sehemu yangu ndiyo iliyonyooka kuliko zote. Nimebuni namna ya kuegemea jembe ukaonekana unapima. Msimamizi kaniambia hajawahi kuona mtu anapima hivi.

Nyumbani raha. Bajaji inakuja Jumanne na Ijumaa, inapiga honi, Thuwaiba anapungia mtaa mzima kama waziri. Juzi kasimama kwa kushika dirisha, peke yake, akahesabu mpaka ishirini na kuruka kumi na tatu. Mgongo wa Bibi umepoa. TV imerudi, pazia limeshonwa. Zebedayo anaendelea kuniita Profesa. Kwa ufupi, mpango wangu umefanikiwa, na asiyeona hivyo ana wivu.

Kuna jambo moja tu nalirekebisha.

Zamani kutwa nzima watoto walitumwa kwetu: Bibi Mwatum, mama anaomba chumvi. Anaomba kitunguu. Anaomba mbuzi ya kukunia nazi. Bibi alikuwa analalamika kwa sauti kwamba mtaa huu utammaliza, na huku anajaza mpaka inamwagika. Tangu ule mkutano hakuna anayekuja kuomba. Wanakuja kuleta. Bibi anapokea, anashukuru, anaosha bakuli, anarudisha na kitu ndani. Kisha anakaa mlangoni.

Suluhisho nimelipata mara moja, ndiyo faida ya kuwa na akili. Leo asubuhi nimeingia jikoni kwa Mama Zebedayo, nikachukua chumvi yake yote. Mlango wa karibu ni wetu. Lazima aje! Nikamwambia Bibi asiende mbali.

Mama Zebedayo akatoka na kikombe kitupu. Akafika mlangoni petu. Akamwamkia Bibi vizuri sana, akamuuliza mgongo, akakificha kikombe ndani ya kanga. Akaenda dukani.

Kesho nitachukua na sukari.

Lakini daftari halina mdomo, basi nalikiri hapa mara moja tu: kilichoharibika kweli ni hicho. Hakuna tena anayemwomba Bibi kitu.