Kupe wa Bwana Salvator

Faridi hakuwahi kumpenda mbwa maishani mwake. Lakini siku moja mvua ilimkimbiza mpaka barazani kwa daktari wa mifugo wa mtaa wa Nyakabiga, akakuta watu wazima wenye simu mbili mbili wamekodolea macho picha ya kupe ukutani. Daktari alikuwa akiwaeleza: kupe hunyonya damu na kuacha ugonjwa, mbwa hushikwa na homa, fizi hupauka, mkojo hugeuka rangi ya kahawa, na asipotibiwa mapema hufa. Mama mmoja akajifuta machozi. Faridi alisikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza darasani, na mvua ilipokatika alikuwa tayari ni daktari.

Masomo yaliyobaki yalichukua wiki moja: kuazima koti jeupe kwa kinyozi, kuchongesha muhuri, na kujaza kiberiti mbegu za mbarika. Mbegu hiyo ina madoadoa na tumbo nene. Ukiitazama upesi ni kupe aliyeshiba. Yote hayo ni kwa sababu Ilias, mwenye ghala la mchele mtaani Mutakura alikoishi Faridi, alikuwa ameahidi pikipiki yake kuukuu kwa atakayempatia mbwa mkali wa ulinzi. Faridi aliitaka pikipiki ile mpaka akawa anaiota.

Katika mtaa wa Gasenyi alimkuta Salvator, mstaafu wa forodha, na mbwa wake Kaisari, mkubwa wa kutisha, amelala kivulini. Faridi alibana pumzi, akagusa sikio la mbwa kwa ncha za vidole viwili, akatoka na mbegu.

"Muzee, unaona huyu?"

Salvator alivaa miwani, akaitazama muda mrefu kuliko Faridi alivyopenda. "Iko mukubwa," alisema mwishowe.

"Amekunywa damu." Faridi aliitupa mbegu chini kwa kinyaa. "Ugonjwa ya kupe inaua mbwa mbiombio, muzee. Mi nimupeleke ku karantini. Bure kabisa, iko projet inatulipia dawa."

Mtu mwingine angebisha kidogo. Salvator alitoa leso, akapangusa macho yaliyokuwa makavu, akasema, "Basi unifanyie karatasi."

Muhuri wa Faridi ulikuwa haujawahi kugonga kitu, akaona siku yake imefika. Aliandika kwa mwandiko wa kupendeza huku Salvator akimtajia maneno: kwamba Daktari Faridi amempokea Kaisari, atamtibu kwa gharama yake mwenyewe mpaka apone, na atamrudisha mzima. Akaitwa Daphrose, nyumbakumi wa mtaa, awe shahidi. Mama huyu aliisoma karatasi mara mbili, kisha akaomba kitambulisho. Kukataa kungetia shaka, kwa hiyo Faridi akakitoa.

Mutakura walifika kwa kujikokota. Ilias alimfunua Kaisari mdomo.

"Faridi, fizi yake iko nyeupe kabisa." Akainua sikio la pili, lile ambalo daktari hakuligusa. Kupe wa kweli walikuwa wamejipanga humo. "We unaniletea maiti. Pikipiki inabaki."

Kaisari akakojoa palepale, rangi ya kahawa. Kwa mara ya kwanza Faridi aliutambua ugonjwa bila kudanganya, na hakufurahi hata kidogo.

Akamrudisha Gasenyi. Lango lilikuwa limefungwa, na Daphrose amekaa mbele yake na nakala ya karatasi.

"Ameshapona, docteur?"

"Apana, mama."

"Basi utamurudisha akipona. Akikufa, mi na hii karatasi tutaenda kukushitaki ku commune."

Ikabidi ampeleke Nyakabiga. Daktari wa kweli alimtambua Kaisari mara moja, akacheka peke yake bila kusema sababu, akamchoma sindano. Kwa kuwa Faridi hakuwa na kitu mfukoni, alimpa kazi: wiki tatu za kuosha vizimba na kung'oa kupe kwa kibano. Kila sala Faridi alijiosha mara saba, na udongo juu yake. Mkewe Waridi, alipomwona mlangoni na mbwa, hata hivyo hakuridhika.

"Mbwa haingii hapa," alisema. "Na mwenye kunuka mbwa haingii." Mkeka wa Faridi ukahamia uani, kando ya mgonjwa.

Siku tano Kaisari hakula. Faridi alisahau pikipiki. Aliogopa tu kumkuta mbwa yule amekauka. Siku ya sita Kaisari alilamba samaki wadogo wa ndagala kwenye kiganja chake, na Faridi akalia, ingawa hapakuwa na mteja wa kumwigizia.

Alipomrudisha Gasenyi, Daphrose alimkagua mbwa fizi hata mkia, akaichana karatasi. Salvator alikuwa na furaha tele.

"Asanti sana, docteur. Siku mbili mbele ya wewe kukuja, ule daktari wa Nyakabiga alishaniambia ugonjwa na bei ya dawa. Nilikuwa nimekaa nawaza. Ndo ukaingia."

"Kwa hiyo ulijua, muzee?"

Salvator aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa lenye mche wa majani mawili. "Mi nimekomalia Ruyigi, mbegu ya mbarika naijua. Huyu ni kupe wako, ulimuacha hapa. Nimemumwagilia maji, ameota."

Faridi alipokea kopo, akaondoka. Hatua chache mbele akasikia kucha zikikwaruza barabara nyuma yake. Salvator aliita, akapiga mluzi, akaita tena; Kaisari hakugeuka. Mzee akamtazama Daphrose, Daphrose akatazama vipande vya karatasi mkononi mwake.

"Tuliandika atarudishwa," alisema. "Atabaki, hatukuandika."

Faridi, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya mtu yeyote, alitembea kwa miguu mpaka Mutakura, kopo mkononi na mbwa ubavuni, akitafuta cha kumwambia Waridi.