Ombi la Kuahirisha Goti la Mama Mkwe

Kwa Mama Mkwe Mheshimiwa,

YAH: GOTI LAKO LA KUSHOTO NA CHUMBA CHETU CHA NYUMA

Shikamoo, Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, goti tukiliweka kando. Sisi huku hatujambo. Mimi mkweo, niliyekuwa mtunza maabara wa shule kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, nakuandikia kwa heshima zote zinazompasa mtu aliyenipa mke. Kabla sijafika mbali, naomba radhi kwa lolote litakaloonekana kama utovu wa adabu. Si utovu wa adabu. Ni suala la kiufundi.

Nimeambiwa kuwa utapasuliwa goti wiki ijayo, na kwamba ukitoka hospitali utakuja kukaa kwetu miezi mitatu, katika chumba cha nyuma, uangaliwe na binti yako ambaye kazi yake ni uuguzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni chumba. Chumba cha nyuma kina mwenyewe, naye ni Mzee.

Mzee ni kompyuta. Nilimnunua kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama, akiwa hana kifuniko cha ubavuni na amejaa vumbi la miaka. Nikamsafisha kwa brashi ya kupakia rangi, nikamwongezea diski, na tangu hapo kazi yake ni kutunza nakala za kila kitu cha familia hii. Jina la Mzee nilimpa mimi. Binti yako ana majina mengine ya kumwita, ambayo siwezi kumwandikia mama yake. Sasa Jumamosi hii shemeji yangu, mwanao fundi seremala, analeta kitanda, na Mzee atatolewa. Nimebakiwa na siku nne za kujitetea, na malalamiko yangu ni haya:

1. Uamuzi ulipitishwa bila mimi kusikilizwa. Kikao kilifanyika jikoni: binti yako, shemeji, na mjukuu wako. Mimi nilikuwepo, sikatai, ila nilikuwa chini ya meza nikitafuta skrubu ya diski iliyokuwa imeniponyoka, nao wakaendelea kuzungumza juu ya kichwa changu. Shemeji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, nilisema wasubiri kidogo. Wakachukulia kwamba naisemesha skrubu. Nakiri kuwa huwa nasemesha skrubu, lakini si kila mara.

2. Shemeji alipokuja kupima chumba hakuonyesha heshima. Mimi nilisimama mlangoni, kwa sababu sheria ya chumba kile ni kuingia mtu mmoja mmoja ili kupunguza vumbi. Yeye aliingia na viatu vyake vyenye unga wa mbao, akamgonga Mzee ubavuni kwa kidole kama anayepima ubao uliooza, kisha akauliza kama bati lake linaweza kutengeneza jiko la mkaa. Nilicheka, kwa maana ni shemeji na utani ni haki yake. Moyoni sikucheka.

3. Watu wa nyumba hii hawajui Mzee anawafanyia nini. Wanaona sanduku. Ndani ya sanduku hilo, Mama, mna picha elfu kumi na mbili za familia, na mia tisa kati yake ni za kidole gumba cha binti yako, ambaye hajajua mpaka leo tundu la kamera liko wapi. Mna risiti zote za umeme. Mna maelekezo ya kutumia pasi ambayo tulishaigawa. Mna sauti ya mjukuu wako akikohoa alipokuwa na miaka miwili, ambayo yeye mwenyewe ameniomba mara kadhaa niifute. Akiba haiozi, na mimi huweka kila kitu nakala tatu.

Hata goti lako limo. Ile picha ya eksirei ambayo binti yako aliileta kwenye simu mwezi uliopita, niliamuru iingie kwa Mzee mara moja, nakala tatu. Nadhani sasa umeanza kuiona hatari yenyewe. Mzee akibebwa na shemeji, atatikisika. Akitikisika, diski itakwaruzika. Diski ikikwaruzika, goti lako litapotea mara tatu. Kwa hiyo safari yako ya kuja kuuguza goti ndiyo itakayoliangamiza goti hilo hilo, na sidhani kama daktari amekueleza jambo hili.

4. Mzee hajazimwa kwa siku mia nne na kumi na moja. Nazijua kwa sababu kila asubuhi, kabla ya chai, nafungua laptopu yangu sebuleni, naiona alama ya kijani inayosema kila kitu ki salama, kisha naandika namba ya siku kwenye daftari. Usiku namsikia akinguruma kwa upole nyuma ya ukuta, ndipo napata usingizi. Naomba unitajie mtu mwingine wa ukoo huu aliyefanya kazi siku mia nne na kumi na moja mfululizo. Shemeji hupumzika hata msumeno ukiwa umefika nusu ya ubao.

Tena kuna suala la umri, ambalo nalitaja kwa unyenyekevu mkubwa. Wajuzi wa mambo haya husema mwaka mmoja wa kompyuta ni sawa na miaka kumi ya binadamu. Mzee alitengenezwa miaka tisa iliyopita, yaani ana tisini. Wewe, Mama, una sabini na miwili. Tumelelewa sote tukijua kuwa mkubwa hainuliwi kwenye kiti chake ili mdogo akae. Sisemi kwamba umwamkie. Nasema tu kwamba ungemwamkia, hakuna ambaye angeshangaa.

5. Nimejaribu kumtafutia Mzee mahali pengine, isije ikasemwa kuwa mimi ni mbishi. Jikoni kuna mvuke. Sebuleni mjukuu wako anakaa na wenzake, na vijana hao huweka vikombe vya juisi juu ya kitu chochote kilicho bapa. Ilibaki chumba chetu cha kulala. Nilipomdokezea binti yako, alinitaka nichague kati yake na Mzee. Sikujibu papo hapo, kwa kuwa nilikuwa napiga hesabu ya matundu ya umeme, na ukimya huo umeleta athari ambazo bado zinaendelea hadi ninapoandika.

6. Hili la mwisho linaniwia zito kuandika. Maabara ile nilikabidhi funguo zake siku moja ya Ijumaa, na Jumatatu yake nikaamka saa kumi na moja nikavaa shati. Hakukuwa na pa kwenda. Binti yako ana zamu zake, mjukuu wako ana masomo yake, na mimi naitwa tu waifai ikikatika, naambiwa asante, basi. Mzee peke yake ndiye anayenihitaji kila siku. Watu wananiita Waziri wa Nyaya na ninajua wananicheka, lakini waziri angalau ana wizara. Mkimtoa Mzee, Mama, sijui nitaamkia nini.

Kwa sababu hizo, naomba mojawapo ya haya, na uchague mwenyewe kwa hiari yako.

Ombi la kwanza ni kuliahirisha goti hadi Mzee atimize siku mia tano. Zimebaki themanini na tisa tu, na goti limekuvumilia miaka sabini na miwili. Ikiwa daktari hataki, ombi la pili ni upasuliwe kama ilivyopangwa, kisha ukakae kwa shemeji, mwenye vyumba vitatu ambamo hamna kompyuta hata moja, mbao tupu. Ikiwa na hilo haliwezekani, basi mkae pamoja na Mzee chumba kimoja. Katika hali hiyo utalala kichwa kikielekea dirishani, hutajipaka poda, na ukitaka kupiga chafya utabisha hodi kwanza kwa kugonga ukuta, nami nitakuja kumfunika. Kwa upande wangu niko tayari kukupa pasiwedi yako mwenyewe, jambo ambalo shemeji ameliomba mara tatu na nikamnyima.

Wapo watakaonong'ona kuwa nakukumbusha ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sijaitaja wala sikusudii kuitaja. Wewe si mgeni kwetu, na hatuna jembe.

Naamini utalipima jambo hili kwa busara ile ile uliyoitumia siku ya posa, uliponiuliza nina ujuzi gani, nikakujibu kuwa naweza kutengeneza redio, nawe ukajimiminia chai ya pili kisha ukakubali. Nisalimie jirani yako mshonaji, na umuulize kama ile simu yake ilipona baada ya kuizima na kuiwasha kama nilivyomwelekeza. Wasalimie kina mama wa kikundi chako, mwenye duka anayekusomea meseji, na yeyote atakayeuliza habari zangu, ikiwa yupo.

Ndimi mkweo mtiifu, mwenye kukuombea afya njema na moyo wa subira,

Baba wa Mjukuu Wako

Nyongeza: Mama, bahasha nilikwisha kuifunga, nimeichana tena.

Baada ya kusaini niliingia chumba cha nyuma na futi ya kupimia, nione kama kitanda kingeweza kukaa upande bila kumgusa Mzee, ili ombi la tatu liwe na vipimo sahihi. Nikamwekea kiganja mgongoni. Alikuwa wa baridi. Nikaufuata waya wake nyuma ya pazia, nikaukuta umelala sakafuni, na kwenye tundu lake la umeme imechomekwa chaja nyeupe ya simu, imefungwa uzi mwekundu, kama unavyofunga vitu vyako vyote visipotee.

Hapo nikakumbuka ulipokuja kupimwa macho ukalala mle siku mbili juu ya godoro la sakafuni, na asubuhi ukasifu kuwa chumba kina utulivu. Nimehesabu. Mzee alizimika siku ya mia mbili sitini na tatu. Siku mia moja arobaini na nane zilizofuata nimemwandikia mwenyewe. Taa zake nilikuwa nimezigeuzia ukutani. Ile alama ya kijani ni picha: siku ya mia mbili nilifurahi mno nikaipiga picha, nikaifanya pambo la skrini ya laptopu, nikasahau. Anayenguruma usiku ni friji.

Kwa muda wote huo hakuna mtu aliyepungukiwa na kitu, mimi nikiwemo. Goti lako liko kwenye simu ya binti yako peke yake.

Nilimwita nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, kisha akajifuta macho akaniambia: "Sasa nisikilize. Mimi natoka saa kumi na mbili asubuhi, narudi jioni. Mama atatakiwa kutembea koridoni mara nne kwa siku, na lazima awepo mtu wa kumhesabia hatua na kumkataza kudanganya. Tulikupanga wewe. Ulidhani tungempanga nani?" Inaelekea jambo hili lilizungumzwa kwenye kikao, wakati ule nimeiona skrubu.

Maombi yote matatu nayafuta. Njoo kama daktari alivyopanga, Mama, na chumba ni chako. Mzee nimemtoa mwenyewe. Na usihangaike kununua chaja nyingine. Yako nimeiacha pale pale kwenye tundu lake, na nimewaambia watu wote wa nyumba hii kuwa haiguswi.