Tairi za Baridi za Mwanangu Jaifar

Jumatatu, 1 Disemba 2003

Leo mwanangu Jaifar kaniteremsha mlangoni kwa jamaa yetu Bi Zakiya, hapa hapa Khuwair ya Kusini, Maskati, na mtaa mzima umetoa shingo madirishani. Gari gani ile! Buluu ya wino, pua juu ya boneti, bawa nyuma. Kainunua kwa mshahara wake mwenyewe, mtoto aliyerudia darasa mara mbili mpaka wifi yangu Hamdiya akasema ataishia kuwa dereva. Haya! Kawa dereva. Dereva wa gari yake.

Sasa khabari yenyewe. Taghreed, binti wa pekee wa Bi Zakiya, anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo, ukumbini kule Sib. Gari ya nani itambeba bibi harusi? Bi Zakiya hajaamua. Harusi mbili zilizopita za ukoo wetu kabeba Yazid, mwana wa Hamdiya, na ile Mersedi yake nyeupe kama jeneza la sabuni.

Ya tatu habebi. Mimi Muhsina nishasema.

Jumatano, 3 Disemba

Jaifar anasema tairi zake zimekwisha, zimekuwa kipara kama babake. Babake kasikia. Hakucheka.

Tumekwenda sote duka la tairi, mtaa wa Ghala. Mimi mbele, mume wangu Marhoon nyuma, magoti kifuani. Gari ya mbio haikutengenezewa wazee.

Muuzaji katoa aina mbili. Moja ya majira yote: joto, mvua, na baridi kidogo. Ya pili ya msimu mmoja tu, joto, lakini inashika lami kama kupe. Hapo hapo nikasema majira yote! Sisi kwetu Unguja tulikuwa na kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Tairi isiyojua masika ni tairi gani? Marhoon akauliza masika nimeyaona lini Maskati. Akasema hapa majira ni mawili: joto, na joto la kukaribishia wageni.

Jaifar akanieleza taratibu. Mashallah, mwanangu ana subira, kaichukua kwangu. Akasema gari kama hii haitaki tairi inayojua kila kitu kidogo kidogo. Mshika mawili moja humponyoka. Tairi ya joto ikipata joto ndio inafurahi, na ukikata kona inakata na wewe.

Zikatiwa za joto. Nimenyamaza. Kunyamaza kwangu si kushindwa.

Jumamosi, 6 Disemba

Laiti ulimi ungekuwa na breki!

Tulikuwa kwa Bi Zakiya, kahawa na halwa, kupanga mambo ya harusi. Hamdiya katikati ya mkeka kama yeye ndiye anayeolewa. Redio imetaja mvua. Bi Zakiya kashika kifua, maana mwaka jana wadi, lile bonde la maji ya mvua, ilishuka ikaondoka na gari ya shemeji yake, mwenyewe kaponea chupuchupu. Anasema mwanawe hapandi gari asiyoiamini miguu yake.

Hamdiya akadaka. Yazid katia za majira yote. Wingu lije, jua lije, yeye hana khofu. Kisha akanigeukia na sauti ya asali, eti na zenu wifi, nasikia ni za joto tu? Joto, Disemba hii? Si kama mtu kwenda harusini na nguo ya kulalia?

Wanawake wakacheka. Mmoja alijimwagia kahawa.

Wallahi sikujipanga. Nimejisikia tu nasema kuwa Jaifar ana seti mbili. Za joto kazivaa, za baridi ziko stoo. Anabadilisha kwa msimu, kama watu wa Ulaya. Mwenye tairi ya majira yote, nikasema, ni kama mwenye kanzu moja: Ijumaa hiyo, msibani hiyo, sokoni hiyo.

Kikombe cha Hamdiya kimesimama hewani. Raha gani!

Halafu Bi Zakiya akasema vizuri sana, maadam ni Disemba, na azitie hizo za baridi. Jumatano atakuja kuziona mwenyewe, na akiridhika, Taghreed atapanda kwa Jaifar.

Hatuna tairi za baridi. Hatuna hata stoo.

Jumapili, 7 Disemba

Nimepita maduka mpaka miguu imevimba. Maskati nzima hakuna anayeuza tairi za baridi. Mmoja kaniuliza kama nakwenda kuishi juu ya mlima wa baridi, Jabal Akhdar. Mwengine kaniuliza kama niko salama nyumbani.

Mwisho nikapanda teksi mpaka Wadi Kabir, kwa ndugu yangu Humaid, anayeuza vipuri vikuukuu vya Japani. Nikajitupa kwenye kiti cha wageni pale mlangoni, nikalia kidogo, nikanywa chai yake. Humaid hana viti. Anakalisha watu juu ya tairi, kaziweka mito.

Nikatazama chini. Ubavuni pa tairi, picha ya mlima na theluji!

Nikamuuliza nimekalia nini. Akasema hizo zilikuja na kontena, za nchi ya barafu, hakuna mwendawazimu wa kuzinunua. Nikamwambia apime. Kapima. Saizi ile ile ya Jaifar! Mungu akitaka kukupa hukukalisha juu ya riziki yako.

Humaid kajaribu kunitisha. Eti mpira wake umefanywa laini makusudi ili usikakamae kwenye barafu, na kwenye jua letu utakuwa kama halwa ambayo haijaepuliwa. Nikamwambia nani asiyependa halwa? Akainua mikono. Mimi ndiye niliyemlea, nikimfunga mpaka vifungo vya shati. Akasema haya dada, lakini mimi simo.

Jumanne, 9 Disemba

Siku njema huonekana asubuhi. Jaifar kaondoka na gari ya ofisi kwenda Nizwa, mambo ya mabomba ya maji, harudi mpaka Alhamisi. Funguo kamwachia babake. Babake! Si mimi, niliyemzaa.

Nimemwambia Marhoon kuwa Humaid anataka kuiosha gari, zawadi ya harusi. Marhoon akanipa funguo, akaomba kitu kimoja: nisimwambie lolote, ili akiulizwa asiwe mwongo. Huyu ndiye mume.

Jioni Humaid kairejesha. Nimeisikia kabla ya kuiona. Uuuuuu! Anasema bado hazijazoea. Za joto nimezipandisha juu ya dari ya nyumba, nimezifunika kanga mbili zisipigwe na jua. Mimi si mtu wa kutupa mali ya mwanangu.

Jumatano, 10 Disemba

Bi Zakiya kaja. Hamdiya kaja naye, bila ya kualikwa, na miwani.

Bi Zakiya akainama, akabonyeza kwa kidole gumba. Laini! Akasema kama mkate wa kumimina. Mifereji yake mirefu, unaweza kupotezea pete. Akazunguka zote nne, akibonyeza na kusoma salawati.

Hamdiya naye akainama. Akauliza hii tairi mbona ina duara la chini ya gilasi ya chai. Nikamwambia huo ni muhuri wa kiwanda. Akauliza kiwanda gani kinanuka hiliki. Nikamwambia wifi, wewe umezoea za majira yote, mambo haya hutoyajua.

Bi Zakiya kaamua. Taghreed anapanda kwa Jaifar! Nikapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha adabu. Marhoon katoka kutazama kuna nini, kaona tairi, karudi ndani.

Alhamisi, 11 Disemba

Siku gani hii!

Jaifar karudi adhuhuri. Kaizunguka gari. Kaizunguka tena. Kisha kakaa kitako chini, na suruali yake ya kazini. Akauliza tairi zake ziko wapi. Nikamwambia ziko juu, zimepumzika. Hakupaza sauti. Akaniomba tu niweke mkono wangu kwenye lami. Nikaweka. Nikautoa haraka. Wingu hata moja hakuna! Redio waongo.

Kubadilisha haiwezekani. Magereji yashafungwa, maua yashafungwa kwenye bawa, na wapambe washaanza kupiga simu. Nikamwambia kama hawezi, basi, Yazid yuko tayari na Mersedi yake, na shangazi yake Hamdiya ataisimulia khabari hii mpaka kiama. Akaenda kuoga. Akatoka na kanzu na kilemba, mashallah, kama mwezi, akasema haya mama, lakini tutakwenda polepole.

Polepole! Bibi harusi nyuma na mamake, mimi mbele na bakhuri yangu ya kufukizia. Raundabauti ya kwanza tu, nyuma ya gari ikajikatikia kama mtu mzima aliyesikia ngoma yake. Taghreed akasema ui! Jaifar akawa anasoma midomoni. Nikadhani anaiombea ndoa.

Baada ya hapo tukenda mwendo wa baiskeli, kwenye barabara kuu, tairi zinalia uuuuuu. Na gari ya bibi harusi haipitwi na mtu wa msafara, hiyo inajulikana. Basi msafara mzima nyuma yetu, honi juu ya honi, na Mersedi ya Yazid imetuganda mkiani, Hamdiya ndani yake kabandika uso kwenye kioo. Wasio wetu ndio waliotupita. Lori la maji likatupita. Pikapu ya mbuzi ikatupita, na mbuzi wakageuka kututazama. Taghreed, aliyekuwa akilia tangu asubuhi, akaanza kucheka. Akawapungia mbuzi. Mamake akamfunika kwa shela, huku na yeye anatikisika mabega.

Magharibi imetukuta njiani. Tumefika ukumbini watu washamaliza tende.

Bi Zakiya kashuka machozi yanamtoka. Nikadhani tumekwisha. Kumbe furaha! Mbele ya watu wote akasema tangu azaliwe hajamuona kijana aliyebeba mtoto wa watu kwa adabu kama ile, kama kabeba tasa la maziwa lililojaa mpaka ukingoni. Taghreed hata pini moja ya kichwani haikusogea. Bibi harusi wa mwisho aliyebebwa na Yazid, akasema, alishuka na taji limemkalia sikioni. Akambusu Jaifar kwenye paji la uso, na mama wenye mabinti wote wanaona. Nimewahesabu kwa jicho.

Hamdiya kaja kunambia tairi zenu zimelia njia nzima kama ng'ombe anayetafuta ndama. Nikamwambia hakikuwa kilio kile, wifi. Vigelegele vile.

Ijumaa, 12 Disemba

Baada ya sala Jaifar kanikalisha. Kapika chai mwenyewe. Nikajua kuna jambo.

Akasema jana hakwenda polepole kwa adabu. Kaenda kwa khofu. Gari ilikuwa inateleza kama mtu aliyevaa sabuni, kila akigusa breki haijui isimame wapi. Akasema alikuwa akitazama kiooni anamuona Taghreed anacheka, na yeye anajiuliza nikimwangusha mtoto huyu, nitamwambia nini mamake. Hakumaliza. Nikamtazama mikono, mikubwa kama ya babake, imeshika kikombe kama siku ya kwanza nilipompeleka skuli. Nikaumwa na moyo, sisemi uwongo.

Kaniomba niape sitogusa tena tairi za gari yake. Nimeapa. Marhoon kawa shahidi, na kafurahi kuliko inavyofaa. Za joto zimerudi garini, zile nyengine zimerudi Wadi Kabir. Jaifar kanizungusha mtaani nizisikie. Kimya kabisa, gari imeinama kwenye kona kama ndege. Kweli ni nzuri. Nimekiri.

Nimejifunza. Mimi ni mtu wa kujifunza haraka.

Jumamosi, 13 Disemba

Humaid kapiga simu. Hamdiya anazunguka maduka ya tairi tangu asubuhi! Anatafuta za baridi za Yazid, kwa ajili ya harusi ya Balqees baada ya Haji. Kishamwambia Bi Kheiria, mama wa bibi harusi, kuwa zinatoka Ujarumani, mpya, kwenye nailoni. Mpya!

Sikula. Nilikaa jikoni nikafikiri.

Halafu nikampigia Aliya, binti wa dada yangu, anayeishi Uswidi. Nikamuuliza huko kwao theluji ikizidi kabisa, hata za baridi zikishindwa, watu wanafanyaje. Akasema wanazivisha tairi minyororo. Minyororo! Ya chuma, inazunguka tairi nzima, na inalia kama njuga. Hamdiya hata akiota hatoiota. Nikamwambia aniletee akija mwezi ujao. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya harusi. Akaniomba nimpe Marhoon kwenye simu. Nikamwambia kalala.

Niliapa sitogusa tairi, na kiapo changu ni kiapo. Lakini mnyororo si tairi. Mnyororo ni pambo, kama mkufu.

Nimemuuliza kama upo wa rangi ya dhahabu.