Mkwe Wangu Ahamishiwe Idara ya Sponji

Mheshimiwa Mkuu wa Maabara ya Kauri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mashine zako. Mimi ni mama mkwe wa kijana wenu mnayemwita Bwana Ufa, yule anayekichora kipande cha kauri kwenye kompyuta, akakisia kitapasukia wapi, kisha akakibana kwenye mashine mpaka kipasuke aone kama alikisia sawa. Mama mkwe hagombani na mkwe wake, ni aibu. Ndiyo maana nagombana na wewe, kwa heshima zote.

1. Kazi haiishii kazini. Majuzi alilitazama bakuli langu la mchuzi, akamwambia mkewe, "Hili litapasukia hapa, karibu na mdomo." Nilipokwenda kuoga, akalibana kwa jeki ya gari. Likapasukia pale pale. Nilimkuta anatabasamu kama baba wa mapacha. Ukubwa ni jaa, nikamwambia, "Hongera, baba."

2. Mjukuu wangu akianguka, haulizwi ameumia wapi. Anaulizwa ufa umeanzia wapi.

3. Hili ndilo lililonitoa machozi. Jumapili walikuja watu kumposa binti yangu mdogo. Mjomba wa kijana, mtu wa maneno machache, akavisifu vikombe vyetu kwamba ni vigumu. Mkwe wangu akapata pa kusemea. Akaeleza kuwa kitu kigumu hakilalamiki: ukikibana upande mmoja kinapasuka ghafla, lakini ukikibana pande zote kwa pamoja, hulegea kidogo na kuvumilia. "Siri ni kubana pande zote tu, mjomba," akamalizia. Mjomba akawatazama wanangu wa kiume waliokaa kulia na kushoto kwake, akautazama mlango, akaweka kikombe chini. Waliaga chai ikiwa bado ya moto. Binti yangu tangu hapo anakula kama anayeonja dawa.

4. Kwa kuwa ofisi yako ndiyo iliyomfundisha kubana, naomba imfundishe na kuachia. Ahamishiwe idara ya sponji. Kama haipo, ianzishwe. Ikishindikana, maabara imtafutie binti yangu mchumba mwingine miongoni mwa wafanyakazi wake, mwenye tabia ya kupinda bila kupasuka.

Wasalimie wahandisi wote, mlinzi wa getini, na hasa yule anayefagia vipande.

Ni mimi, niliyebanwa upande mmoja,
Mama mkwe wa Bwana Ufa

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, mjomba akabisha hodi. Anasema hakulala akiyawaza maneno yale. Kijana wao, tangu utotoni, amebanwa na mama yake peke yake, na mjomba anamwona anakaribia kupasuka. Anataka kijana aoe kwenye nyumba inayobana pande zote. Posa tumeipokea. Kwa hiyo mkwe wangu asihamishwe, hata akiomba mwenyewe. Mjomba anatamani kuiona hiyo mashine ikifanya kazi, nami nimejitolea kumsindikiza. Tutafika Alhamisi asubuhi. Sahani tutabeba wenyewe.