Lalamiko Dhidi ya Mstari Ulioshuka Ain Hamra

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa Afya wa Wilaya,

Nakuombea afya, wewe na wote wa nyumbani kwako. Mimi ni Nawaf Qatamin, karani wako wa takwimu, yule wa chumba cha mwisho karibu na printa. Nina miaka kumi na mmoja kazini na sijawahi kumlalamikia mtu. Leo pia simlalamikii mtu. Nailalamikia programu ya lahajedwali iliyomo kwenye kompyuta yangu, kwa jinsi inavyochora chati. Makosa yake ni haya.

1. Rangi. Nilivipa vijiji vyetu kumi na vinne kila kimoja rangi yake. Vilitoka vyote kijivu, nawe ukauliza kikaoni kama wilaya imepigwa na tufani ya vumbi. Nilicheka pamoja na wenzangu. Baadaye ndipo nilipokumbuka kuwa printa yetu haina wino wa rangi, lakini programu ingeweza kunitahadharisha.

2. Kisanduku cha maelezo hukaa juu ya namba za pembeni. Nikikisogeza, kinarudi. Nikikipunguza, maneno yanakatika, na "Watoto Waliozaliwa" inabaki "Watoto Wali", kana kwamba tunahesabu chakula cha shule. Nilikiacha kilipopenda kukaa. Ndiyo maana siku ya kikao hakuna aliyeziona namba, hata mimi.

3. Hili ndilo zito. Januari, kituo cha afya cha Ain Hamra kilipokea watoto kumi na tisa. Juni, thelathini na mmoja. Namba hizo nilizichapa kwa vidole vyangu. Programu ikachora mstari unaoteremka kama kondoo anayeshuka bondeni kutafuta maji. Nami, Mheshimiwa, nilisimama mbele yenu na fimbo mkononi nikasema wanawake wa Ain Hamra wamepunguza kuzaa. Nilitaja hata sababu: bei ya mahari na vijana kuhamia Amman. Mlinipigia makofi. Kabla kahawa haijapoa mkaamua chumba cha kujifungulia kifungwe, na mkunga wake, Mama Qutaiba, aje kupanga mafaili mjini.

Nauliza kwa unyenyekevu: karani akiona namba zinapanda na mchoro unashuka, aamini kipi? Niliamini mchoro. Ulikuwa na kivuli kizuri chini ya mstari.

4. Mama Qutaiba alikuja ofisini kwangu na daftari lake la vizazi. Hakugomba. Aliketi, akavua miwani, akaniambia, "Mwanangu Nawaf, mwezi wa sita nimepokea watoto thelathini na mmoja kwa mikono hii. Wewe umesema wamepungua. Sasa niambie, waliozidi niwarudishe wapi?"

Nilimweleza habari za mwelekeo wa jumla. Akasema hamjui huyo, ila mimi anaijua siku niliyozaliwa, maana ni yeye aliyenipokea, na nilikuja miguu mbele, kichwa nyuma.

5. Siku ya tisa baada ya chumba kufungwa, mke wa Odeh fundi bomba alishikwa na uchungu. Walikuta kufuli. Alijifungulia njiani, kwenye pikapu ya shemeji yake, katikati ya maboksi ya nyanya, naye Mama Qutaiba akiwakimbilia na viatu vya nyumbani. Mama na mtoto wote wazima, namshukuru Mungu. Nilipeleka sukari na kahawa. Odeh alivipokea, akasema ana nia ya kumpa mtoto jina la aliyesababisha yote haya, lakini mkewe amekataa jina la namna hiyo nyumbani mwake. Tangu hapo silali vizuri.

Kwa hiyo naomba:

Programu ipewe onyo la maandishi, nakala iwekwe kwenye faili lake.

Ukumbi wa mikutano ununuliwe kioo kikubwa, kilazwe sakafuni, ili wajumbe wazitazame chati humo, juu chini.

Ikiwa bajeti haitoshi, wanawake wa Ain Hamra waombwe kwa heshima wazae kwa kufuata mstari hadi Desemba, ili kumbukumbu za ofisi zilingane.

Nisalimie naibu wako, dereva Mifleh, na dada wa mapokezi anayenifichia biskuti.

Wako mtiifu katika kazi,
Nawaf Qatamin

Baada ya sahihi: Mama Qutaiba alikuja kutia sahihi kama shahidi. Alitazama kompyuta yangu kidogo, akauliza kile kisanduku chenye alama ya vema ni cha nini. Nikamsomea: "Mpangilio wa kinyume." Akaniambia niiondoe. Nimeiondoa, na mstari umepanda papo hapo. Alama hiyo niliiweka mwenyewe mwezi wa tatu. Nilitaka miezi isomeke kutoka kulia, kama tunavyoandika Kiarabu chetu, nikabofya mhimili wa wima badala ya ule wa mlalo.

Tafadhali yapuuze yote niliyoandika hapo juu, na onyo niandikiwe mimi. Lakini chumba kifunguliwe kabla ya Jumapili. Wanawake wanne wa Ain Hamra wamo mwezi wa tisa. Hao nimewahesabu kwa vidole.