Nyegere Aliyetumalizia Kindi Kabla ya Mashindano

Cutbank Flats, Saskatchewan
Alhamisi, wiki ya Mashindano

Ndugu Mhariri,

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango wa ofisi yako, na usimwambie mtu yeyote neno hata moja la yaliyomo humu: si mpiga chapa wako, si mkeo, na hasa si dada yake mkeo, ambaye namheshimu sana lakini anakunywa kahawa pale duka la ushirika. Najua kwamba kumwandikia mhariri wa gazeti ili asichapishe ni sawa na kumpelekea mwokaji unga ili autazame tu. Lakini katika wilaya yetu simjui mtu mwingine anayesoma barua hadi mwisho.

Jina langu sitalitaja. Itoshe kusema kwamba mimi ni karani wa halmashauri. Tuko mmoja.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NYEGERE

Kama unavyojua, Jumamosi hii ni Mashindano ya Kindi. Tangu kabla sijazaliwa, theluji ikishayeyuka na kindi wa mashimo wakaanza kusimama wima juu ya vichuguu vyao kama mashahidi mahakamani, watu wa wilaya hii hukusanyika asubuhi, hula chapati za maji zilizokaangwa na kikosi cha zimamoto, kisha huingia malishoni na bunduki ndogo hadi saa sita mchana. Mikia huletwa kwangu. Mwenye mikia mingi hupewa nusu ng'ombe, iliyokwisha kukatwakatwa na kufungwa. Mapato hutengeneza paa la ukumbi wa michezo ya barafuni, ambalo nalo limekuwa likitengenezwa tangu kabla sijazaliwa.

Sina ugomvi na desturi hiyo. Kindi hukata ngano changa, humaliza dengu zikiwa na majani mawili, na mashimo yao yamevunja miguu ya farasi, ya ng'ombe na, mara moja, ya kasisi.

Tatizo ni kwamba mwaka huu hakuna kindi.

Mashindano hufanyika katika malisho ya Mama Olena Hawryluk, yule mjane anayekaa ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya Mwenyekiti wetu, kwa sababu hapo ndipo kindi wamekuwa wengi kuliko mahali pengine popote. Jumatatu nilikwenda kupigilia vibao. Nikasimama katikati nikapiga mluzi, kama tufanyavyo wote ili wanyanyuke watazame. Hakunyanyuka yeyote. Nikapiga tena. Kwenye shimo pana kama mlango wa oveni akatokeza nyegere, mnene, mwenye mstari mweupe usoni. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa na wakusanya kodi, akarudi ndani. Basi nikaelewa.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Nyegere huyu hakujiandikisha. Kanuni za Mashindano zinasema kila mwindaji aandikishwe ofisini na avae fulana ya rangi ya machungwa. Hakufanya lolote kati ya hayo. Amewinda kipindi chote cha kuchipua kana kwamba halmashauri haipo.

2. Hula mkia pamoja na kindi. Kwa hiyo, hata tukitaka kumtangaza mshindi, hana ushahidi. Tena hafyatui risasi, hategi mtego, hamwagi sumu. Huingia shimoni, humkuta mwenyewe nyumbani, na mambo huishia humo humo. Huo si uchezaji wa haki.

3. Ameharibu mazungumzo. Pale duka la ushirika, kwenye ile meza ya wazee karibu na dirisha, kindi ndiyo habari ya asubuhi, wakifuatwa na mvua na kisha serikali. Sasa wamekaa wakitazamana. Jumanne mmoja wao, kwa kukosa la kusema, alimuuliza mwenzake kama mkewe hajambo. Mwenzake aliweka kikombe chini, akavua kofia, akauliza ni nani aliyefariki. Na wenzetu wa wilaya jirani wameanza kutucheka. Wakija kununua misumari huuliza tutapiga nini Jumamosi, viazi?

4. Ameifanya halmashauri ishukuriwe. Hili limeniumiza zaidi, na naomba ulisome polepole.

Marehemu mume wa Mama Olena alianguka na farasi humo malishoni, mguu wa farasi ulipoingia shimo la kindi. Farasi alipigwa risasi palepale, na nyonga ya mzee haikupona hadi anazikwa. Tangu siku ile mjane ameandikia halmashauri kila mwaka akiomba kindi waangamizwe, na halmashauri imemjibu kila mwaka kwamba jambo lake linashughulikiwa, maana yake Mashindano. Mashindano, kama unavyojua, huwapunguza kindi kiasi cha kuwapa nafasi ya kuzaa vizuri.

Basi Jumanne alikuja ofisini na bakuli limefunikwa kitambaa. Akaliweka juu ya mafaili yangu. Akasema, "Mwanangu, miaka yote nimewaandikia mkaniona mwehu. Mwaka huu mmenisikia. Jana nimemfungulia Zirka, akakimbia."

Zirka ni farasi wake jike, mzee, ambaye hajawahi kuruhusiwa kukimbia katika malisho yake mwenyewe.

Ndani ya bakuli mlikuwa na pirohi, vile vifuko vya unga vilivyochemshwa na kujazwa viazi na jibini, na kitunguu cha kukaanga juu. Nilikula, Ndugu Mhariri. Sikumwambia kwamba aliyemsikia ni nyegere. Ofisi yetu haina uzoefu wa kushukuriwa, wala sikujua shukrani hujazwa kwenye fomu gani.

5. Amemlazimisha Mwenyekiti kufikiri. Hapa ndipo nakuomba uangalie tena kama mlango umefungwa.

Jumatano, Bwana Garnet Pasieka, Mwenyekiti wetu, aliniita ofisini kwake. Alifunga mlango, akaufungua, akachungulia, akaufunga tena. Alinieleza kwamba mabango yameshabandikwa mpaka mjini, kwamba wageni wanakuja na watoto wao, na kwamba hawezi kusimama mbele yao na kipaza sauti akatangaza kwamba tumewashinda kindi. Shemeji yake, Clayton, ana malisho katika wilaya jirani ambako kindi ni wengi hadi wanapokea wageni langoni. Ijumaa mchana wataenda huko na pipa la maji, nyuzi na vizimba. Watamwaga maji shimoni, kindi atatoka, watamnasa kwa kitanzi, na ikifika jioni wote watafunguliwa katika malisho ya Mama Olena, tayari kwa Jumamosi.

Nilimuuliza, kwa sauti ndogo, kama kupeleka waharibifu kwenye ardhi ya mtu si kinyume cha sheria ndogo ya halmashauri, ambayo niliipiga chapa mimi, akaisaini yeye.

Akasema, "Kijana, hatuwaleti wakae. Tunawaleta wafe."

Nikasema huenda baadhi wasikubali.

"Basi hao ndio Mashindano ya mwakani."

Nikauliza, na Mama Olena? Hapo Mwenyekiti alitazama dirishani, na nadhani alimwona Zirka, kwa kuwa dirisha lile linaelekea huko. Kisha akasema, "Atalalamika. Amezoea."

Kazi ya nyegere nimepewa mimi. Nimuue kabla ya vizimba kufika, asije akavuna asipopanda. Bunduki iko chini ya meza yangu, imefungwa kwenye taulo la ofisi, na nikinyoosha miguu naigusa. Mimi ni mtu ambaye hata mashine ya kubana karatasi naitumia kwa mkono mmoja huku nimefumba macho kwa woga. Nikimpiga nyegere, Mama Olena atapoteza malisho yake. Nisipompiga, nitapoteza kazi. Nikikosa shabaha, nitapoteza mguu.

6. Mwisho, na hili ndilo kubwa, nyegere amedharau jasho la wazazi wetu. Babu zetu walimpiga nyegere kwa sababu ya mashimo yake. Wakampiga mbweha wa nyika kwa sababu ya ndama. Wakamwaga sumu ya kindi, mwewe wakala kindi wenye sumu wakadondoka kutoka angani, jambo ambalo halikukusudiwa lakini pia halikurekebishwa. Kwa kazi ya vizazi vitatu walihakikisha kwamba kindi hana adui duniani isipokuwa sisi. Anakuja nyegere mmoja, hana elimu, hana trekta, hana hata jirani wa kumsaidia, anavuruga mpango wote katika msimu mmoja.

Angekula kwa kiasi, kama mtumishi wa umma, tungebaki na kindi wa kutosha kulalamikia. Halmashauri yenye waharibifu ina Kamati ya Waharibifu, ina ruzuku ya waharibifu, ina Mashindano, na ipo siku itakuwa na paa. Halmashauri isiyo na waharibifu ina nyegere tu. Kwa hiyo, ukifuatilia jambo hili kwa utulivu kama nilivyolifuatilia mimi usiku na mchana, utakubali kwamba mharibifu mkubwa kuliko wote ni yule anayewamaliza waharibifu.

Ninachoomba ni kimoja kati ya vitatu. Ama uje wewe mwenyewe kesho asubuhi, kwa kuwa sifa yako ya kulenga shabaha inajulikana, uchukue bunduki hii chini ya meza yangu na ufanye linalotakiwa bila kunieleza. Ama utoe tangazo dogo, pale kwenye vitu vilivyopotea, kumtaka nyegere aondoke wilayani kwa hiari. Najua hasomi, lakini nitakuwa nimefuata utaratibu. Ama uandike kwamba Mashindano yameahirishwa kwa sababu ya theluji. Ni mwezi wa Mei, na kwa hapa kwetu hakuna atakayeinua hata kichwa kutazama juu.

Nisalimie mkeo, na mpiga chapa wako, na yule paka anayelala juu ya magazeti yasiyouzika. Dada yake mkeo pia msalimie, ila usimwambie salamu zimetoka kwa nani.

Ni mimi, mtiifu wako, ambaye hujapata barua yoyote kutoka kwake,

Karani

Baada ya kuandika (Ijumaa, jioni):

Bahasha nilikuwa nimeshailamba. Nimeichana ili kukuomba, tafadhali sana, ufute namba moja hadi namba sita.

Mchana wa leo nilimwambia Mwenyekiti kwamba tumbo linanisokota, jambo ambalo limekuwa kweli tangu Jumatano. Akaenda na shemeji yake bila mimi. Walivua vizuri, vizimba vilijaa hadi vingine vikawekwa juu ya vingine, nyuma ya pikapu. Wakati wa kurudi, Mwenyekiti alipitia kwanza nyumbani kwake kuchukua bunduki nyingine, kwa kuwa ile ya kwangu alikuwa ameshaikatia tamaa. Pale langoni kwake palikuwa na shimo ambalo asubuhi halikuwepo, pana kama mlango wa oveni. Gurudumu la mbele likazama. Pikapu ikainama kama mtu anayesali, vizimba vikateleza, vikagonga chini, vikafunguka. Kindi wakatoka wameloa na wana hasira. Walitazama kushoto, barabara tupu. Walitazama kulia, dengu za Mwenyekiti, ndiyo kwanza zimetoa majani mawili.

Wahenga walisema mchimba shimo huingia mwenyewe. Hawakusema neno juu ya anayeingia shimo la nyegere.

Mashindano yatakuwepo kesho kama kawaida. Uwanja umehamishiwa kwenye dengu za Mwenyekiti, ambaye anaomba watu wakanyage taratibu. Lakini yeye mwenyewe anajua, kama tujuavyo sote, kwamba Mashindano hayajawahi kumaliza kindi wa mtu. Kwa hiyo alimpigia simu Mama Olena kumwomba amwazime nyegere. Mama Olena amekuja kunisimulia mwenyewe, na ilimbidi akae kitini kwangu kwanza amalize kucheka. Anasema alimjibu hivi: "Nyegere wangu haazimwi, Garnet. Akishiba huku atakuja mwenyewe. Wewe waandikie halmashauri."

Ameandika kweli. Barua yake iko mbele yangu, na nimemjibu kwamba jambo lake linashughulikiwa.

Basi sehemu hii ya mwisho, Ndugu Mhariri, ichapishe, tena kwa herufi kubwa. Halmashauri inatafuta nyegere, mmoja au zaidi, mwenye afya na hamu ya kula. Aliye naye asipige simu, maana Mwenyekiti ameketi kando ya simu. Aje kwa mlango wa nyuma wa ofisi, upande wa tangi la mafuta, agonge dirisha lenye taulo lililoanikwa. Kilichokuwa ndani ya taulo nimeshakirudisha. Asiponikuta, aje malishoni kwa Mama Olena, nimealikwa chakula cha jioni. Afuate vibao vya Mashindano, sijaving'oa. Na akiingia afunge lango nyuma yake, kwa sababu Zirka anakimbia.